Gego la Sikudhani na Mzizi wa Shangazi

Mwaka 1975 Sikudhani alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima kijijini Chole, Kisarawe. Tabia yake moja ilijulikana na wote: hakubali jambo mpaka ajue sababu yake. Gego lake la mwisho lilipoota kiubavu, shavu likavimba hata akashindwa kutamka "ba" mbele ya wanafunzi, mumewe Twalibu akampeleka hospitali Kibaha. Walifikia Maili Moja, kwa Mboni, dada yake Twalibu.

Mganga wa meno, Melkiori, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama kinywani, akasema fizi itapasuliwa kesho yake na jino litatolewa vipande vipande. Angechomwa ganzi, pamoja na sindano ya kumsinzisha. Mengine angeelezwa na Laurentia, muuguzi.

"Ukishakula chakula cha jioni, basi," alisema Laurentia. "Asubuhi hata chai hapana."

"Ni kama saumu, dada?"

"Saumu ina daku. Hii haina."

"Lakini jino liko kinywani. Tumbo linahusikaje?"

Laurentia alicheka, akavuta kiti. "Ukiwa macho, chakula kikipanda kooni unakohoa. Ukisinzia kwa dawa, koo nalo linasinzia. Chakula kinaweza kupotea njia kikaingia mapafuni."

Sikudhani alishika koo lake, akameza mate polepole, kama anayezitafuta hizo njia mbili kwa vidole.

Maswali yakageuka upande wa muuguzi. Ana mimba? Ana pumu? Sindano yoyote imewahi kumdhuru? Anatumia dawa gani?

"Hatumii dawa," Twalibu aliwahi kujibu.

Ndani ya kikapu chao mlikuwa na chupa ya maji ya mzizi uliochemshwa na shangazi yake Sikudhani, Bi Tatu wa Maneromango. Njiani Twalibu alikuwa amemwomba mkewe asiitaje, wasije wakachekwa kuwa ni watu wa porini. Sikudhani alimtazama mumewe, kisha muuguzi. Kama chakula cha tumboni kina sababu ya kuulizwa, dawa nayo haikosi sababu.

"Nikisema natumia dawa ya miti, mtanifukuza?"

"Nitakuuliza inakufanyaje."

"Maumivu yanapoa. Halafu nasinzia sana, hata nikiitwa nachelewa kusikia. Nimekunywa leo alfajiri."

Laurentia aliacha kuandika, akamwita Melkiori. Mganga alifungua chupa, akanusa. Hakucheka.

"Dawa yangu naijua kipimo chake," alisema. "Hii siijui. Zikikutana mwilini, unaweza kulala mno, pumzi ikapungua. Iache kabisa. Tutakupa vidonge vya maumivu na vya uvimbe, urudi baada ya wiki. Na uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani."

Nje, Twalibu alinung'unika. "Wiki nzima! Ngedere watamaliza mahindi."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningekuwa nimekunyamazisha mimi," alisema Twalibu, akampokea kikapu.

Siku ilipofika, Mboni aliamka mapema akaleta chai na maandazi. "Wifi, mgonjwa haendi kwa daktari na tumbo tupu!"

Sikudhani aliokota kijiti, akachora uani njia mbili zinazoanzia mahali pamoja: ya chakula na ya pumzi. Akaeleza kama anavyoeleza darasani. Mboni aliinama akautazama mchoro, akashika koo lake mwenyewe, kisha akarudisha kikombe jikoni.

Hospitali, Laurentia alimvua kipini cha pua na bangili, akazigeuza kucha zake zilizotiwa hina ya harusi ya jirani. "Rangi ya kucha hunionyesha kama pumzi inafika vizuri. Leo nitatazama midomo."

"Nitakusikia?"

"Nikikuita utaitika. Kukumbuka ndiyo sina hakika."

Sikudhani alikuwa amepania kukumbuka kila kitu. Alisikia sindano, akasikia jina lake likiitwa mara moja kwa mbali, akafumbua macho na pamba imejaa shavuni. Alidhani hawajaanza. Laurentia alimwonyesha vipande vya jino kwenye sahani. Mzizi mmoja ulikuwa umepinda kama ndoana.

Walimweka kitandani mpaka alipoweza kukaa bila kuyumba, wakamkabidhi kwa Twalibu. Siku hiyo asishike moto wala panga, asitembee peke yake.

Jioni, ganzi ilipokwisha, aliuliza kwa shida, "Nilisema nini nilipokuwa nasinzia?"

"Muuguzi anasema ulimfundisha Melkiori silabi," alijibu Twalibu. "Alipokosea ukamrudisha mwanzo."

Sikudhani alitaka kucheka, akashika shavu. "Alifika wapi?"

"Mpaka 'bu'."

Aliomba kalamu na daftari aandike hayo kabla hayajamponyoka. Twalibu aliandika yeye, maana mkono wa mkewe ulikuwa bado mzito.