Nilivyomvusha Mkata Rufaa

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alisema nyumba ya Maparoni ni yangu, mtalaka wangu Shaabani atoke, na asiyeridhika akate rufaa wilayani, Kibiti, ndani ya siku arobaini na tano. Shaabani alitoka na godoro, redio na jembe, akahamia kwa mdogo wake Mshamu, ng'ambo ya mkondo. Mwanetu Warda yuko Mbagala. Nikabaki na vyumba vitatu. Napika kwa sufuria dogo, na bado chakula kinalala.

Siku nilizitia alama ya mkaa nyuma ya mlango. Zikiisha bila rufaa, nyumba imekuwa yangu moja kwa moja.

Siku ya arobaini na nne, nimetoka kuswali alfajiri, nikasikia ng'ambo: "Vushaaa!"

Sauti ile naijua miaka thelathini na minane. Mshamu alikuwa kaenda kuvua na mtumbwi wao, na maji yalishaanza kupwa. Kwetu anayeita vusha huvushwa, awe nani. Nikachukua kafi, nikavuka na mtumbwi wangu kumfuata.

Kavaa kanzu ya Idi, bahasha ya kaki kaitia kwenye mfuko wa nailoni.

"Kanzu yote hiyo, Baba Warda, unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kukukatia rufaa."

"Basi kaa katikati, usije ukanizamishia kesi."

Akacheka, akakaa. Ningevuta kafi polepole, tope lingetushika kwenye mikoko mpaka adhuhuri, na boti ya Nyamisati ingemwacha; nyingine ni keshokutwa, siku zimeshapita. Nikapiga kafi mpaka mabega yakauma.

"Uji wako wanakupikia bila sukari?"

"Wanatia. Nawaambia, wanasahau." Akatazama maji. "Pale juu ya jiko umeshaziba?"

"Bado panavuja."

Boti tuliikuta. Akashuka, kaishika kanzu isiguse tope.

"Ungeweza kunichelewesha, Mama Warda."

"Ningeweza."

Wiki tatu baadaye mjumbe wa mahakama akaniletea wito: rufaa itasikilizwa tarehe kumi na sita. Nikasaini. Nyumba ilikuwa shakani tena, nami, Mungu anisamehe, niliosha chupa ya chai kwa ajili ya uji usio na sukari. Nikashuka mpaka ukingoni.

"Baba Warda! Hiyo tarehe kumi na sita, tupande boti moja?"

Alitokea Mshamu. "Shemeji, hayupo! Kapanga chumba Kibiti, karibu na mahakama. Kasema harudi mpaka kesi iishe!"

Nikarudi ndani. Paa lilikuwa linadondosha maji juu ya jiko. Nikasogeza sufuria dogo, likayakinga.