Bangili za Benigna Zilipoingia Motoni

Kajetani alirudi kutoka kiwandani ameuficha mkono wa kushoto ndani ya shuka, lakini mke hafichwi. Benigna aliufunua, akaona ngozi imebabuka hadi kiwiko. Akaupaka asali.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita, na njaa yake pia. Kajetani alichochea moto kwenye mtambo wa mvuke wa Mjerumani mmoja aliyepasua mbao nje ya boma la Songea. Taabu ilikuwa bilula ya chuma, ile ya kufungia mvuke. Mvuke mkali uliila kwa kutu kama mchwa alavyo boriti. Ikawa haizibi sawasawa, na kila aliyeifunga aliungua. Mjerumani mwenyewe alisema hapo panataka shaba ya manjano. Aliagiza nyingine pwani, lakini masika yaliingia wapagazi hawajaonekana.

Asubuhi Benigna alivua bangili zake za shaba ya manjano, akaziweka mbele ya mumewe. Ndizo alizoachiwa na mama yake. Wakati wa njaa walichimba mizizi porini, wala hakuna aliyethubutu kuzibadilisha kwa mtama.

Kajetani alizisukuma kando. Akasema mkono utapona, na wapagazi watafika.

"Baba Ursula," Benigna akamwambia, "mama hakuniachia hizi nizivae kwenye matanga yako."

Kajetani akaziokota. Alikuwa mtoto wa mhunzi, mvukuto wa baba yake ungalipo darini. Benigna akavukuta, yeye akayeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu ya udongo. Bilula ya kwanza ilitoka ina matundu. Kajetani alikaa chini akiitazama, uso umemshuka, kama aliyezika mtu. Benigna akaichukua, akairudisha chunguni, akashika tena mvukuto.

Ya pili ilitoka nzima. Mjerumani aliikwangua kwa tupa, akaifunga mwenyewe, akampa Kajetani mkono.

Mvuke uliibadilisha rangi tu, kuila haukuweza. Benigna, aliyekuwa akiuogopa mngurumo wa mtambo ule, akaanza kumpelekea mumewe ugali mchana. Alikaa akiota joto mgongoni, akimsimulia jino jipya la Ursula, na Kajetani alikula polepole makusudi, ili asiondoke upesi.