Mkate Ndani ya Bomba

Haya nimeyapata kwa mdogo wangu, Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunamenya maharage barazani kwangu. Alicheka hata maganda yakawa yanamponyoka. Mimi sikucheka sana. Mkwe wake namjua, na mtu wa namna ile ukishamjua hakuchekeshi tena, anakuchosha tu.

Mdogo wangu ni mjane wa fundi bomba. Miaka thelathini alimshikia mumewe taa, msasa na waya wa lehemu, na binti yao alikulia chini ya masinki ya watu. Binti huyo ni mwanangu pia, maana mimi ni mama yake mkubwa. Akaolewa na bwana mmoja anayegonga mihuri ofisini. Mtaani wanamwita Injinia. Jina alijipa mwenyewe, siku alipofaulu kubadilisha betri ya saa ya ukutani, na watu wakamwachia, kama mtoto anavyoachiwa kuvaa kofia ya baba yake.

Nyuma ya nyumba yao kuna koki ya nje, imekaa kwenye ncha ya bomba la shaba linalotoka ukutani. Mwanangu anaotesha miche ya nyanya hapo. Siku ya kisa hiki alikuwa na trei arobaini, wiki tano anazilea, na Jumatatu akina mama wa shamba la pamoja walikuwa waje kuzichukua. Miche ya trei haina subira. Udongo wake hauzidi vidole vitatu. Ikikosa maji mpaka jua la mchana inalala, na ikilala sana haiamki.

Koki ilikuwa inadondosha tone, tone. Ni kazi ya kubadilisha kijimpira cha ndani, dakika kumi. Injinia akaamka mapema, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwatisha, akaishika koki kwa spana ili aikaze. Akakaza. Akakaza tena. Akakaza mpaka shingo ikakatika na maji yakaruka hadi dirisha la jikoni.

"Ilikuwa imeoza," akasema, amelowa chepechepe.

Akakimbia kufunga maji kwenye mita. Sanduku la mita akalitia kufuli, ufunguo akautia mfukoni, asije mtu akamharibia kazi. Miche ilikuwa haijanywa hata tone.

Mwanangu akatoka na kopo lake la kumwagilia. "Baba watoto, nimpigie fundi simu? Yule aliyefunzwa na baba."

"Fundi wa nini? Hapa unamwona nani?"

"Namwona mtu aliyelowa."

"Nenda kaendelee na mambo yako. Hii ni kazi ya saa moja tu."

Akaenda dukani, akarudi na koki mpya, waya wa lehemu, kopo la mafuta ya kulehemu, na kifua mbele. Kichomeo cha gesi hakununua. Alichukua cha marehemu shemeji yangu kutoka kwenye sanduku la zana, bila kumuuliza mjane aliyekaa pale pale mlangoni, paka mapajani.

Sasa, yule ni mama mkwe, na hakuona vizuri kumkosoa mume wa bintiye machoni. Kwa hiyo alimkosoa paka.

"Paka wewe," akasema, "bomba hilo halijasuguliwa. Shaba ikiwa nyeusi lehemu haishiki."

Injinia akacheka. "Mama, kumbe paka wako anajua ufundi?"

"Anajua kidogo. Ila hajisifu."

Injinia akaikaza koki mpya mpaka ikafunga kabisa, akaivika kwenye bomba, akawasha moto. Bomba lilikuwa bado linachuruzika ndani, maana koki ya mita ni kuukuu na haizibi sawasawa. Bomba lenye maji halishiki moto wa kuyeyusha lehemu. Maji yanaumeza moto wote. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nalijua hilo, kwa kuwa sufuria haiungui mpaka maji yaishe. Injinia ana vyeti vitatu ukutani.

Tsss, bomba likasema. Lehemu ikadondoka chini vipunje vipunje, kama mavi ya mbuzi.

"Lehemu feki hii," akasema.

Akasogeza moto. Tsss.

"Upepo huu."

Hata jani halikuwa linatikisika.

"Na hiki kichomeo cha mzee nacho kimechoka."

Hapo mdogo wangu alimwambia paka neno ambalo siliandiki. Kisha akajirudi, akasema kwa upole, "Paka, koki hulehemiwa ikiwa wazi, na mpira wake umetolewa. Bila hivyo mpira unaiva."

"Mama, nakuheshimu sana, lakini huyo paka aende akalale."

Mpira ukaiva. Ukanuka kama kiatu kilichoangukia motoni. Injinia akavuta ile harufu kwa pua zote mbili, akasema ndiyo harufu ya lehemu inaposhika. Akaishika koki aonyeshe, akaungua kidole gumba, akapiga ukelele uliomfanya paka aende mwenyewe. Ndani ya nyumba kulibaki ndoo moja ya maji. Mwanangu alikuwa ameiweka kwa ajili ya trei za ukutani, zinazopigwa na jua kwanza. Injinia akatumbukiza kidole humo, akapuliza, akasikitika, kisha ndoo nzima akaimwaga juu ya bomba.

"Maji yangu yako wapi?" mwanangu akauliza.

"Nimepozea kazi."

Saa sita ilishapita. Miche ya ukutani ilianza kulegeza shingo. Jirani wa kushoto alikuwa amesafiri na geti amefunga. Wa kulia anatumia mita hiyo hiyo, na mara mbili alishakuja na ndoo yake kuuliza, akajibiwa "dakika tano".

"Nifungulie mita nikinge ndoo moja tu," mwanangu akasema. "Moja, baba watoto. Miche inakufa."

"Nikifungua bomba litalowa, nianze upya. Wewe unafikiria majani, mimi nafikiria nyumba."

Wakati akisema hayo, koki ikateleza yenyewe kutoka kwenye bomba, ikamwangukia kwenye mguu.

Mwanangu hakupiga kelele. Ana damu ya baba yake, na yule alikuwa hapigi kelele kazini. Akatazama trei, akamtazama mumewe, akasema kwa sauti laini, "Umesema kweli, lehemu hii ni feki. Ile ya kweli wanayo duka la kule mwisho wa barabara. Wewe ndiye unayeijua."

"Si nilisema!" Injinia akasema, akatoka akichechemea, amefurahi. Ufunguo ukaondoka naye mfukoni. Mwanangu aliukumbuka, akaita, lakini mtu aliyesifiwa hasikii nyuma.

Basi akapiga magoti penye bomba. Mama yake akasimama, akamshikia msasa, na safari hii hakumtafuta paka.

"Sugua mpaka ing'ae, mwanangu. Na ndani ya koki pia."

Akasugua. Akafungua kichwa cha koki, akakwangua ule mpira ulioiva, na kwenye kopo la vijimpira la marehemu, ndani ya sanduku la zana, akapata mwingine unaoingia. Bomba bado lilikuwa linatoa mchirizi mwembamba. Mdogo wangu akaingia jikoni, akarudi na mkate uliobaki asubuhi. Wakaondoa ganda, wakachukua ule ulaini wa ndani, mwanangu akausukuma kwa kidole ndani ya bomba mpaka mchirizi ukakoma. Mkate unanywa yale maji na kuyazuia kwa muda, na kazi ikiisha maji yenyewe yanausukuma nje. Shemeji yangu alifanya hivyo maisha yake yote.

Akapaka mafuta, akavika koki ikiwa wazi, akaipasha moto kwa chini, polepole. Alipogusisha waya juu, lehemu ikanyonywa, ikazunguka shingo nzima, ikatulia. Dakika kumi hazikufika. Akairudishia koki mpira na kichwa, akaifunga.

Kisha wakakaa kumsubiri mwenye ufunguo.

Alichelewa. Kumbe alisimama kwa kinyozi akiwaeleza watu jinsi kazi ya shaba ilivyo ngumu. Mwanangu alikaa katikati ya trei akizikinga jua kwa shuka, anahamisha kivuli huku na huku. Kivuli hakikutosha. Trei mbili zililala mbele ya macho yake wakati bwana akijieleza.

Aliporudi na waya ule ule, wa kampuni ile ile, mwanangu alinyoosha mkono tu. "Ufunguo."

Akafungua mita, akarudi, akafungua koki. Ikakohoa, ikatema donge jeupe la ute mkononi mwa Injinia aliyekuwa ameinama kuchungulia, kisha maji yakatoka safi. Kwenye kiungo halikuonekana hata jasho.

Injinia akakitazama kiungo, akalitazama lile donge.

"Unaona?" akasema. "Ilikuwa inahitaji kupoa tu. Na huu uchafu wote ulikuwa kwenye bomba."

"Paka," mdogo wangu akasema, ijapokuwa paka hakuwepo, "uchafu huo tuliupaka siagi asubuhi."

Mwanangu akachukua kopo lake. Alimwagilia trei thelathini na nane, moja moja, mpaka shingo zikainuka. Zile mbili akazimwaga shimoni. Ufunguo wa mita akaufunga kwenye uzi, akauvaa shingoni, na mpaka leo uko hapo. Kisha akajilaza kwenye mkeka kando ya miche, na mama yake akasinzia kwenye kiti, paka amerudi mapajani.

Injinia akabeba kigoda, akakaa karibu na koki awapokee watakaopongeza. Jirani wa kulia akaja, akainama, akakipapasa kiungo kwa kidole.

"Kazi safi. Nani kalehemu?"

"Mimi hapa."

Jirani akamwangalia kidole gumba, akawaangalia wale wawili waliolala, wakiwa na masizi mikononi. Akasema, "Haya," akaenda zake kukinga maji kwake.

Hakuja mwingine. Injinia akafungua koki, akaifunga, akaifungua tena, akaifunga, mpaka kichwa kikamlemea, akalala pale pale kwenye kigoda, mdomo wazi, waya wa lehemu ya kweli mkononi.