Puto la Pili

"Futa," mkuu wa kituo alisema. "Kifaa kimeharibika."

Mpimaji wa hali ya hewa, ambaye wenzake walimbandika jina la Mama Puto naye akalipenda, alifunika daftari kwa kiganja. Asubuhi ile puto lake lilipaa na kifaa cha kupima upepo, likaleta habari: huku chini upepo mnyonge, kule juu upepo wa kasi ya kutisha.

"Sifuti, mwanangu. Nilichokisoma ndicho nilichokiandika."

Mkuu, umri wa kifungua mimba wake, alidonoa ramani ukutani. "Kiwimbi chenyewe hiki, kidogo kama ukucha! Kompyuta inasema kesho kitakufa. Nitangaze dhoruba nichekwe?"

"Kitendawili."

"Mama, jamani!"

"Wimbi langu halina maji. Umeshindwa? Nipe mji."

"Chukua yote, uniache nifanye kazi!"

"Ni hilohilo la ramani yako, wimbi la hewa. Halikui lenyewe. Mlezi wake ni upepo mkuu wa juu, ule unaozunguka dunia. Ukizubaa, kitoto kinadhoofu. Ukikaza mwendo, na wa chini ukabaki unajikokota, kinanyonya nguvu hapo katikati mpaka kinakuwa jitu. Kompyuta yako imehesabu kwa upepo wa jana."

Kesho yake asubuhi kaka yake Mama Puto, fundi paa, angepandisha mabati ya shule. Mkuu alilijua hilo.

"Kama unamhofia kaka yako, mpigie simu alale nyumbani."

"Nitampigia. Na mafundi wengine walio juu ya mapaa, wao hawana dada?"

"Saa nane natangaza shwari. Na puto lililobaki ni la kesho. Ukiligusa, usirudi hapa."

Mama Puto alikwenda moja kwa moja stoo, akalibeba puto na kifaa chake, akalijaza gesi uani huku mkuu akigonga kioo cha dirisha na kupayuka. Akaliachia. Saa nzima alikaa mbele ya mashine akiandika vipimo vilivyoingia, mgongo wima, kana kwamba kelele zile ni za kuku.

Kisha akamwekea mkuu daftari mezani. Upepo wa juu ulikuwa umezidi hata ule wa asubuhi.

"Kifaa kipya kabisa. Nacho kimeharibika?"

Mkuu alisoma mara mbili, jasho likimtoka puani. "Nilikukataza."

"Ulinikataza, nami nimekaidi. Barua ya kunifukuza utaandika baadaye. Saa nane hiyoo."

Mkuu alivuta kipaza sauti. "Mafundi wote," akaanza, "kesho msipande juu ya paa..."

Mama Puto alivuta kiti, akakaa mlangoni, mpaka mkuu amalize kusoma tangazo lote.