Kofia Tupu ya Lemuel

Katika timu ya chuo cha hapa kwetu, ya futiboli ya Kimarekani, mchezaji akimwangusha mwenye mpira hubandikwa stika kwenye kofia yake ngumu. Kufika Novemba, kofia ya Odell, anayelinda nyuma kabisa, ilikuwa imejaa kama mlango wa friji. Ya mwanangu Lemuel ilikuwa tupu. Yeye ni mlinzi wa kati. Husimama nyuma ya wale wanene wa mbele, na kazi yake ni kuziba pengo: agongwe yeye, mwenzake akamate.

Kocha Hatcher alishamwambia: mechi ya mwisho asipoonyesha kitu, nafasi yake anapewa Bryce, kijana wa akiba.

Jumamosi hiyo nilikaa na Dada Verlene wa kanisani, tunamenya karanga za kuchemsha. Mara Lemuel akaacha pengo lake, akakimbilia pembeni, akamwangusha mtu. Uwanja ukalipuka.

"Leo mwanao kaamka!" Verlene akanipiga bega. "Nilidhani wamemsimika pale kama nguzo ya umeme!"

Mchezo ulipoanza tena Lemuel akaliacha pengo vilevile, na mpinzani mwenye mpira akapita palepale hadi mstari wetu wa mwisho, wakapata pointi.

Wakati wa mapumziko alipita karibu na uzio.

"Mama, umeona nilivyomkamata?"

"Nimeona. Na mahali ulipopaacha nimepaona."

Akainamisha kichwa, akaenda zake.

Kipindi cha pili hakutoka kwenye pengo lake. Mwishoni kabisa majitu mawili ya wapinzani yalimwangukia kwa pamoja, naye akang'ang'ania hapo hapo hadi chini. Mwenye mpira akakosa njia, akazunguka, akaingia mikononi mwa Odell. Tukashinda. Stika akapata Odell. Nafasi ya msimu ujao akapata Bryce.

Nyumbani Lemuel alikuwa anakula bila kuinua macho. Nilimwombea, ila sikumwelekeza Mungu la kufanya.

Baridi ilipokwisha mazoezi yakaanza, nikaenda kusimama uzioni. Bryce aliukimbilia mpira kama kuku aliyeona mahindi, pengo likabaki wazi, na jitu la mbele likapita moja kwa moja mpaka kwa Odell. Odell chali. Wakarudia, chali tena. Safari hii aliinuka anatema nyasi.

"Kocha, stika zangu zote chukua," akasema. "Nirudishie Lemuel."

"Umeshachoka kulala, bwana mkubwa?" wenzake wakamcheka.

Kocha hakucheka. Alilitazama lile pengo kitambo, akapuliza filimbi, akamwita mwanangu kutoka benchi.