Hamira ya Karatasi

Kiwandani walimwita Mama Mvuke, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ndiye aliyesimamia pipa la kuchemshia karatasi kuukuu ziwe rojo la karatasi mpya, na kwake yeye maji yasiyotokota hayakuwa maji. Magadi makali yalitaka moto ili kung'oa wino, naye hakuwa mchoyo wa moto.

Magadi hayohayo yalikuwa yakimla wifi yake mikono. Wifi alifanya kazi kwenye beseni la kusuuzia rojo, na glavu hazikumfaa kitu. Vidole vilipasuka hata nguo zake akawa anafuliwa na Mama Mvuke. Daktari alimwambia achague: kazi au vidole.

Ndipo mkemia wa kiwanda akaleta vimeng'enya, maji ya rangi ya chai yanayolegeza wino bila magadi. Jaribio la kwanza lilitoa rojo la kijivu kama maji ya kudekia.

"Mara moja tu tena," mkuu wa kiwanda alisema. "Likishindikana, tunarudi kwenye magadi."

Siku ya pili mkemia alimimina dawa yake. Mama Mvuke akashika koki.

"Unafanya nini?"

"Nafungua mvuke. Si kama kawaida?"

"Na kwenye jaribio la kwanza ulifungua?"

"Mpaka pipa likatokota! Kwani vipi?"

Mkemia alijishika kichwa. "Mama, hii ni kama hamira. Ukiitia maji ya moto, mkate utaumuka? Lakini kosa ni langu, sikukwambia."

Mama Mvuke aliona aibu. Mazoea yana taabu: nusura amfukuzishe wifi yake kazi kwa mkono wake mwenyewe! Aliacha maji yawe vuguvugu, kisha akafunga mikono nyuma, maana hakuiamini tena.

Wino ulipanda juu na povu, ukaenguliwa. Chini rojo lilikuwa jeupe. Mkuu alifinya tonge, akalitazama dirishani, akasema, "Haya, endeleeni hivihivi," akaenda zake.

Rojo lilipofika beseni, wifi alivua glavu. Akachovya vidole, amefumba macho, akingoja kuungua. Akangoja. Akafumbua jicho moja.

"Wifi, halichomi."

Mama Mvuke alishusha pumzi, akalia mbele za watu bila haya.

"Basi leo nguo zako ufue mwenyewe," alisema, akipangusa kamasi. "Nimechoka kuwa dobi wako."

Wifi hakuitoa mikono majini.

"Lete na zako," alisema.