Mwalimu wa Sahm

Onesmus Mutua alikuwa ameshika mbwa miaka sita kabla ya kupanda ndege kwenda Riyadh. Bosi wake alipomwambia kwamba anataka kununua mbwa, alijibu upesi, "Hiyo niachie mimi, bosi." Nairobi alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi, wa kikosi cha mbwa. Alijua kumfundisha mbwa kubweka, kukimbiza, kuuma, na kutoachia mpaka aambiwe. Kwamba kuna mbwa anayefundishwa kinyume cha hayo yote, hakuwa amewahi kusikia.

Bosi huyo, Mhandisi Mansur, alikuwa na nyumba kubwa mtaa wa Al-Malqa, na Onesmus alikuwa dereva wake tangu mwaka 2012. Majira ya baridi yaliyofuata, Mansur aliingiwa na hamu ya kuwinda bata. Baba yake mzazi alikuwa na shamba kusini mwa jiji, lenye bwawa lililozungukwa na matete, na kila baridi ilipoingia bata wa porini walishuka hapo kutoka nchi za kaskazini. Mansur akachukua kibali, akanunua bunduki ya marisau, viatu vya mpira vinavyofika kiunoni, na bata wa plastiki wa kuelea majini ili wawahadae wenzao walio angani. Alichokosa ni shabaha. Msimu wote aliangusha ndege wanne, na watatu kati yao walipotelea matetani.

"Ndege uliyemuua ukashindwa kumpata umemuua bure," baba yake alimwambia. "Tafuta mbwa wa kukuokotea, au uache."

Februari 2014 Onesmus aliendesha gari kwa muda wa saa kumi mpaka Jeddah kwa mfugaji mmoja, akarudi na mtoto wa mbwa wa wiki tisa, aina ya labrado, rangi ya mchanga. Njiani mbwa huyo alitapika mara tatu, mara mbili juu ya suruali ya Onesmus. Wakamwita Sahm, yaani mshale. Madam, mke wa bosi, hakutaka mbwa ndani ya nyumba yake, na hilo lilieleweka. Kwa dini yao mbwa wa kuwinda ameruhusiwa, lakini mahali pake ni nje. Akajengewa kibanda uani, karibu na mlango wa jikoni.

Jikoni ndipo alipokuwa Fridah.

Fridah alikuwa mtu wa Meru, msaidizi wa nyumba, mwaka wake wa pili pale. Alikuwa mkimya, mwenye macho ya kutulia kwenye kitu, na mbwa aliwaogopa tangu utotoni. Siku za kwanza alipitisha chakula cha Sahm kwa kukisukuma na ufagio.

Onesmus akaanza kazi kama alivyoijua. Alijaza soksi vitambaa, akaishona, akaitupa uani. Sahm aliikimbilia, akaitia mdomoni, akaitikisa kana kwamba ni panya. Onesmus akamfuata aichukue, naye akatoroka nayo. Walizunguka ua huo kama watu wawili wanaodaiana, Onesmus akitokwa jasho, mbwa akitikisa mkia. Wiki mbili nzima ilikuwa hivyo. Na kila aliposhikwa, Sahm aliuma soksi kwa nguvu zaidi, na Onesmus naye akavuta.

Siku moja Fridah alikuwa akianika nguo. Alitazama mchezo huo mpaka kamba ikajaa, kisha akasema, "Si uache kumfukuza?"

"Nikiacha atakula soksi."

"Onesmus, mimi nimefundisha chekechea miaka minne. Mtoto akishika kisu, ukimkimbilia anakimbia. Anaona ni mchezo. Wewe mpe mgongo. Ukimbie wewe."

Onesmus alitaka kumwambia kwamba mbwa si mtoto, na kwamba kati yao wawili yeye ndiye mwenye cheti cha kufundisha mbwa. Lakini alikuwa amechoka. Aligeuka, akapiga mluzi, akakimbia kuelekea getini. Aliposimama, Sahm alikuwa miguuni pake, soksi mdomoni, akimwangalia.

"Sasa usimpokonye," Fridah aliita kutoka kambani. "Mkune shingo kwanza. Aone kwamba kukuletea kitu ni raha, si kunyang'anywa."

Akamkuna. Sahm akaachia soksi mwenyewe, ikaanguka kiganjani kama tunda lililoiva.

Tangu siku hiyo Onesmus aliweka cheti chake pembeni. Kila jioni baada ya asiri, Fridah akiwa na nafasi, alisimama mlangoni pa jikoni na kumfundisha Onesmus kumfundisha mbwa. Alikuwa na kanuni chache. Somo moja kwa siku. Somo likome mwanafunzi akiwa bado anataka. Neno likisemwa mara moja lisirudiwe mara tano, maana mtoto akijua utarudia, atangoja ya tano. Na pole pole hofu yake mwenyewe ikaisha, hata siku moja Onesmus akamkuta amechuchumaa, mkono umo mdomoni mwa Sahm, akiyahesabu meno.

Suala la mlio wa bunduki Fridah alilimaliza kwa sufuria. Sahm alipokuwa akila, yeye alisimama mbali ndani ya jikoni na kugonga sufuria kwa mwiko, taratibu. Kesho yake akasogea hatua moja, na kesho yake nyingine. Madam akaja kuuliza kama mfanyakazi wake ameingiwa na wazimu. Fridah akaeleza kwa Kiarabu chake cha jikoni: kelele, chakula, kelele, chakula, halas, hofu mafi, yaani hofu imekwisha. Madam alicheka, akamwambia aendelee ila asimwamshe mtoto. Baada ya mwezi Sahm akisikia kishindo alitafuta sahani yake.

Gumu zaidi lilikuwa maji. Mwezi wa sita familia ilikwenda Jeddah kupumzika kwenye nyumba ya ufukweni, Fridah akachukuliwa kuangalia watoto, na bosi akaagiza Sahm aende afundishwe kuogelea. Sahm aliona bahari, akaketi chini. Hakuna kilichomwinua. Onesmus alimbeba mpaka kwenye kina, akataka kumwachia humo kwa nguvu.

"Ukimtupa," Fridah alisema, "ataogelea leo, na hatakuamini kesho."

"Basi nifanye nini, mwalimu?" Neno hilo lilimtoka kwa mzaha, lakini liliposikika halikuwa mzaha tena.

"Umekula asubuhi hii?"

"Bado."

"Nenda ukale majini."

Kwa hiyo Onesmus, mwana wa Machakos asiyejua kuogelea, aliketi na suruali yake kwenye maji ya vuguvugu yanayofika shingoni, sahani ya mkate na mayai juu mkononi, akala. Watoto wa bosi walicheka mpaka wakalala mchangani. Sahm alisimama ukingoni, akalia, akatia mguu, akautoa. Onesmus hakumwita, maana alikuwa amekatazwa kumwita. Alikula tu. Kipande cha tatu cha mkate kilipofika mdomoni, alisikia pumzi sikioni, akageuka, akaona kichwa cha rangi ya mchanga kikielea kando yake. Mbwa alikuwa anaogelea, na wala hakuonekana kujua kwamba ni jambo kubwa. Onesmus alitazama ufukweni. Fridah alikuwa amesimama na abaya yake imelowa magotini, akimvisha mtoto kofia, kana kwamba hakuna lililotokea.

Novemba bata walirudi. Bosi, baba yake na Onesmus walifika bwawani kabla ya jua, wakajibanza nyuma ya matete. Sahm aliketi pembeni akitetemeka, si kwa baridi bali kwa hamu. Kundi la kwanza lilipita, bosi akafyatua, akakosa. La pili, akakosa. La tatu, bata mmoja akavunjika bawa, akaangukia ng'ambo, ndani ya matete mazito.

"Lete," Onesmus akasema.

Sahm alivuka maji, akaingia matetani upande usio sahihi. Onesmus akapaza sauti kumwelekeza: kulia, hapana, kulia. Mbwa alisimama, akamwangalia, akachanganyikiwa, akaanza kurudi mdomo mtupu. Hapo Onesmus akakumbuka maneno aliyoambiwa na Fridah wakati wa kumtafutisha soksi gizani: ukimpigia kelele atakusikiliza wewe aache kusikiliza pua yake. Akanyamaza. Akanyoosha mkono tu, mara moja. Sahm akageuka, akazama tena katika matete.

Dakika zikapita. Bosi alitaka kuondoka. Baba yake akamwekea mkono begani. Matete yalitikisika mbali kabisa na pale walipotazama, na Sahm akatokea akiogelea, shingo juu, bata mdomoni. Alipofika alimweka mkononi mwa bosi. Bata alikuwa hai, hata unyoya mmoja haukung'oka.

Mzee alimgeuza ndege huyo huku na huku, akamchinja kwa kisu chake, akataja jina la Mungu. Kisha akasema, "Mbwa anayetafuna anajiwindia mwenyewe. Huyu amewinda kwa ajili ya bwana wake. Nani kamfundisha?"

Bosi akamnyooshea Onesmus kidole. Ilikuwa rahisi kunyamaza hapo, na Onesmus alikiri baadaye kwamba alinyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa mikono tu, mzee. Aliyemfundisha ni Fridah, yule wa jikoni."

"Amewahi kumwona akifanya kazi?"

"Hajawahi."

"Basi mleteni," mzee akasema.

Ijumaa iliyofuata familia nzima ilikwenda shambani. Madam na watoto walibaki penye kivuli na birika za chai, na Fridah akaletwa mpaka nyuma ya matete, amejifunga mtandio, kimya. Makundi mawili yakaja, na bosi akakosa yote mawili. Baba yake akaguna. Fridah aliinama kwa Onesmus, akanong'ona kwa Kiswahili.

"Anasema nini?" bosi akauliza.

Onesmus akasita. "Anasema, bosi... unatazama darasa zima. Kundi likija unalipigia lote, kwa hiyo humpati hata mmoja. Anasema chagua mmoja, usimwache kwa macho mpaka mwisho."

Onesmus alianza kujuta kwamba ametafsiri. Mansur alimwangalia Fridah, na Fridah akaangalia maji. Kisha bosi akatia marisau mapya, akasema tu, "Tayyib," yaani sawa.

Kundi la tatu lilikuja chini, likigeuka dhidi ya upepo. Mansur aliacha sita wapite, akamfuata wa saba kwa mtutu, akafyatua. Bata akaanguka kama jiwe katikati ya bwawa.

Sahm alikwenda na kurudi, maji yakimtiririka. Ili amfikie bosi ilimbidi apite mbele ya Fridah, na Onesmus alingoja aone mbwa akimkimbilia mtu aliyemlisha tangu akiwa mdogo. Hakusimama. Alipita kando ya sketi yake bila kugeuza kichwa, akaenda moja kwa moja, akaketi mbele ya Mansur, akamwekea bata kiganjani.

Onesmus aliona uchungu kwa niaba ya Fridah. "Hata hajakusalimia," akasema.

Lakini Fridah alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo Onesmus hakuwahi kuiona jikoni, machozi yakimlengalenga.

"Si ndicho nilichomfundisha," akasema. "Akiwa darasani, mwalimu si mama yake."

Bosi alikuwa ameshika bata kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepewa zawadi. Akauliza, kwa adabu ambayo Onesmus hakuwahi kuisikia ikitumika kwa mfanyakazi wa nyumba hiyo, kama mwalimu ana la kuongeza.

"Mwambie alegeze bega," Fridah akamjibu kupitia Onesmus. "Anaukaza mwili kabla ya mlio. Nyumbani tunayo sufuria, tutaanza kesho."